Mikokoteni Kumi na Tisa

Unaruka. Usikatae. Ukifika chini ya ukurasa, pale maandishi yanapokuwa madogo kama sisimizi waliojipanga, jicho lako linaruka kama mguu unavyoruka dimbwi na kutua ukurasa wa pili likiwa kavu. Pale chini ndipo wamelazwa watu. Umewaruka shuleni, umewaruka chuoni, umewaruka kazini ulipoletewa ripoti uweke saini. Vyaelea unaviona, walioviunda huwaulizi. Basi leo hutaruka. Kaa hapo usikie habari za mjalidi mmoja, mfunga vitabu, na tanbihi namba arobaini na saba.

Mjalidi huyo wanafunzi humwita Fundi Gundi. Karakana yake iko nyuma ya maktaba ya chuo, mlango wa chuma uliopakwa rangi juu ya rangi mpaka umenenepa. Ndani mna meza moja ndefu, presi ya kubania vitabu yenye usukani kama wa lori, sufuria la gundi, mafungu ya uzi wa kitani, na mashine ya kukatia karatasi ambayo iliwahi kuonja kidole chake cha pete na kukiacha kifupi. Shule aliiacha darasa la sita. Lakini kwa miaka thelathini na minne ameshona insha za waliomaliza, na kila alichokishona amekisoma. Kwake karatasi hazipiti mkononi kama maji bombani. Zinapita kama wageni mlangoni, na mwenye mlango hutazama nyuso.

Ndiyo maana wanafunzi humwogopa kuliko walimu wao. Mwalimu akikukamata na aya ya wizi atakupa sifuri, yakaisha. Fundi Gundi atakuambia aya hiyo aliishona mwaka ule wa mafuriko, chini ya jina la nani, na huyo mwenye aya alikuwa akimfukuzia msichana gani wa idara ya kilimo, na alikataliwa.

Siku hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, aliingia binti wa mwaka wa mwisho na bahasha nene kifuani. Insha yake ya kumalizia masomo, nakala tatu: ya idara, ya maktaba, na ya mama yake. Mwisho wa kupokelewa ulikuwa saa kumi alasiri. Aliamkia, akaitikiwa, akaomba majalada ya buluu. Fundi akamjibu kwamba idara inataka meusi, hata ukiwaletea wokovu kwenye jalada la buluu watakurudisha nao, ila ya mama yake ataifunga buluu. Binti akacheka, akaahidi kurudi mchana, akaondoka mbio.

Fundi akazigonga karatasi mezani mpaka kingo zikalingana, akatoboa matundu kwa msharasi, akatia uzi kwenye sindano. Insha ilihusu mgomo wa madobi wa hospitali kuu, miaka arobaini nyuma. Akasema moyoni, haya, tuone wametufanya nini safari hii. Akawa anashona huku anasoma. Ukurasa wa thelathini na moja sindano ikasimama.

Mgomo, ukurasa ulisema, ulidumu siku kumi na tisa. Mwisho wa sentensi palikuwa na namba ndogo, arobaini na saba. Akashuka chini, maana yeye haruki, akakuta jina la mwandishi, jina la kitabu, mwaka, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili. Nukta mahali pake, mkato mahali pake. Binti hakukosea kitu. Alikitaja chanzo chake kama alivyofundishwa. Kosa lilifanyika kabla hajazaliwa.

Fundi akavuta kigoda akakaa. Dunia nzima alikuwapo mtu mmoja tu aliyeuhesabu mgomo ule siku kumi na tisa, na mtu huyo alikuwa mke wake.

Chumba cha kufulia cha hospitali kuu kilikuwa chini ya ardhi, ngazi kumi na nne, mvuke kama wa mdomo wa birika. Wanawake ishirini na wawili wa zamu ya asubuhi, boila tatu ambazo moja ilikuwa mgonjwa siku zote, na pasi ndefu za roli zilizomeza shuka upande huu na kulitema upande ule limenyooka. Mashuka machafu yalishuka kutoka wodini kwenye mkokoteni wa mbao uliofunikwa turubai. Mmoja kwa siku, kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili alfajiri. Kwa hiyo kule chini siku hazikuhesabiwa kwa tarehe. Mtu alisema mwanangu ameugua mikokoteni mitatu sasa, na wenzake wakajua ni tangu lini.

Ndani ya mashuka mlikuwa na sindano. Manesi walizisahau, madobi walizikuta kwa viganja. Waliomba glavu miaka miwili, wakaambiwa glavu ni za madaktari. Jumatatu moja, dobi mmoja aliyekuwa na mimba akachomwa tena, akakaa juu ya furushi akatazama damu kidoleni. Wenzake wakazima boila. Hivyo tu. Hakukuwa na hotuba wala bendera. Mikono ilikunjwa, mikokoteni ikaanza kupangana ukutani.

Aliyeandika yote hayo walimwita Bi Karani. Hakuwa karani, alikuwa dobi kama wao, mwenye mikono iliyochunika kwa sabuni ya magadi. Jina alilipata kwa sababu hakuacha neno lipite bila kuliweka kwenye daftari. Daftari lenyewe alishonewa na kijana mmoja wa kiwanda cha uchapaji, kutokana na mabaki ya karatasi, jalada likiwa kipande cha turubai la mkokoteni. Kijana huyo, wakati huo akiwa na vidole kumi kamili, ndiye Fundi Gundi wa leo.

Walikutana katika darasa la chumba cha pasi. Baada ya zamu chumba kilibaki na joto, na madobi, wapishi, wabeba machela na watu wa viwanda vya jirani walikaa juu ya mafurushi ya mashuka safi wakifundishana kusoma na kusoma dunia. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na kanuni moja tu, na ole wake aliyeivunja. Ukisema jambo, wote huuliza kwa pamoja: limetoka wapi? Nawe unataja. Nimelipata kwa shangazi. Nimelisoma kwenye gazeti lililofungiwa sukari, la mwezi uliopita, ukurasa ulichanika. Nimelisikia kwa mlevi, msilibebe sana. Siku moja mpishi mmoja mwenye majivuno akajibu kwamba lake limetoka kichwani mwake. Bi Karani akamuuliza, na kichwani liliingilia wapi? Walicheka mpaka furushi likapasuka.

Hata uchumba wao ulipitia kwenye kanuni hiyo. Kijana alimvizia kwenye ngazi kumi na nne, akamwambia maneno matamu ya kumfananisha na mwangaza sijui wa nini. Bi Karani akaweka beseni chini.

"Limetoka wapi hilo?"

Kijana akajikuna, akakiri kwamba ameliokota kwenye riwaya aliyokuwa akiishona wiki hiyo, mlango wa nne.

"Ungesema lako ningekuacha hapahapa," akamwambia. "Haya, nibebee beseni."

Enzi hizo. Mtu aliyekaa juu ya furushi la mashuka ya wagonjwa alikuwa na adabu ya elimu ambayo leo inatundikiwa vyeti ukutani na haipo. Fundi huwa anakumbuka hata harufu ya pale, sabuni, kitambaa chenye moto, na jasho la watu waliochoka ambao hata hivyo hawakutaka kwenda nyumbani.

Ulipokwisha mgomo, glavu zikaletwa, masanduku sita. Usiku ule wawili hao waligombana chakulani, ugomvi mtamu wa watu waliooana karibuni. Mume alihesabu kutoka Jumatatu hadi Jumatano ya glavu, siku kumi na saba. Mke alikuwa ameandika kumi na tisa. Akaeleza: mgomo ulipoanza Jumatatu, ukutani ilikuwapo tayari mikokoteni miwili, wa Jumamosi na wa Jumapili, kwa sababu boila mgonjwa ilikuwa imelala na mashuka hayakufuliwa. Ilipofika siku ya glavu ilikuwapo kumi na tisa, ameigusa mmoja mmoja.

"Siku ni kumi na saba, mke wangu."

"Wewe unahesabu kalenda. Mimi nahesabu mashuka."

Akaiacha kumi na tisa. Magazeti mawili ya wakati ule yalisema kumi na saba, tangazo la hospitali kumi na saba. Ni daftari la turubai peke yake lililosema vingine.

Baada ya miaka mitatu akaja darasani kijana wa chuo, mpole, miwani, mashine ya kurekodi ikining'inia begani. Madobi wakambatiza Kaseti. Walimpa chai na furushi laini kuliko yote. Alipoulizwa limetoka wapi alitaja vitabu na kurasa bila kukwama, wanawake wakampigia makofi. Akaomba daftari la Bi Karani kwa wiki moja. Wiki ile haijaisha mpaka leo. Alipoandikiwa barua akajibu kwa heshima nyingi kwamba lilipotea wakati wa kuhama.

Kitabu kilitoka miaka minane baadaye. Wakati huo Fundi alikuwa ameajiriwa chuoni, na Bi Karani macho yalikuwa yamezimika, la kushoto kwanza, kisha la kulia. Alikuwa akitibiwa kwenye kliniki ya chuo kwa kadi ya mumewe. Nakala arobaini zikaletwa karakanani ziwekewe majalada magumu. Fundi akasoma wima, kidole juu ya mstari. Ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, siku kumi na tisa. Ukurasa wa mia na kumi na nne, maneno ya mkewe mwenyewe, shuka la mgonjwa halisemi lina nini ndani, yamekaa hapo kama maneno ya mwandishi. Chini hapana kitu. Mbele, kwenye shukurani, zilitajwa taasisi mbili, kamati moja, mke wa mwandishi, na wafanyakazi wote walionisaidia. Wote! Neno hilo ni kaburi la halaiki.

Akafanya nini? Akapaka gundi. Nakala arobaini, akazibana, akazikata kingo, akazipeleka maktaba kwenye toroli. Kaseti alikuwa ameshakuwa mkuu wa idara.

Jioni Bi Karani akamuuliza, maana habari za kitabu zilikuwa zimemfikia.

"Wameandika limetoka wapi?"

"Wameandika."

"Nioneshe."

Alikuwa amerudi na nakala moja. Akaufungua ukurasa wa shukurani, akachukua kidole cha mkewe, akakiweka juu ya mstari wa kamati. Bi Karani akakipitisha polepole toka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayejaribu pasi kama imepata moto.

"Ni refu," akasema. "Wameandika na kazi yangu?"

"Na kazi yako."

Alifurahi. Miaka miwili iliyobaki ya uhai wake aliwahadithia wote waliokuja kumwona, kwamba yumo kitabuni, na kazi yake, dobi wa zamu ya asubuhi. Wageni waliitikia, wakampongeza. Baadhi yao walikuwa wanajua kusoma.

Hayo ndiyo yaliyomkalisha Fundi kwenye kigoda asubuhi ile, uzi ukining'inia. Kaseti siku hizi ni profesa mstaafu, mwenyekiti wa baraza la chuo, na kila baada ya miaka miwili hivi mwanafunzi fulani huandika kumi na tisa na kumpa yeye heshima. Fundi ameshona hiyo kumi na tisa mara kumi na tatu, kumi na nne. Kila safari alijiambia itakayofuata ndiyo.

Akainuka, akafungua mtoto wa meza wenye herufi za risasi, zile za kupiga majina kwenye migongo ya vitabu. Mjalidi ana uwezo ambao watu hawaufikirii. Anaweza kuchapa kipande cha masahihisho, mistari mitatu, akakibandika ndani ya kitabu kwa gundi nyembamba, na hakuna atakayejua kwamba hakikuwekwa na mwandishi. Akazipanga herufi moja moja: hesabu hii ni ya Bi Karani. Akafunga safu, akaitia wino. Karatasi ilikuwa tayari mkononi alipojiuliza kile ambacho angeulizwa kwenye chumba cha pasi. Limetoka wapi? Limetoka kwa binti? Binti hajui lolote. Atakuwa anamtia mtu maneno mdomoni, tena gizani, akimpigania aliyeporwa maneno. Mkewe angeweka beseni chini.

Akazirudisha herufi mahali pake. Moja moja, ikamchukua muda.

Binti alirudi saa saba, akakuta insha yake imelala mezani, nusu imeshonwa.

"Fundi, mbona hivi? Utaniua leo."

"Kaa kwanza. Kumi na tisa umezitoa wapi?"

"Kwenye kitabu. Nimeandika hapo chini."

"Nimeona. Na magazeti?"

Binti akatazama viatu vyake. Akasema magazeti ameyasoma, yote mawili yanasema kumi na saba. Alimpelekea msimamizi wake, na msimamizi, ambaye alifundishwa na Kaseti huyohuyo, akamwambia profesa hakosei hesabu ya vidole, fuata kitabu.

"Hakukosea," Fundi akasema. "Alinakili."

Akamweleza. Mikokoteni, boila mgonjwa, Jumamosi na Jumapili, daftari la turubai. Aliongea muda mrefu, na binti hakumkatiza isipokuwa mara moja, kuuliza turubai lilikuwa la rangi gani. Alipomaliza, Fundi akamwambia kazi imekwisha, imebaki kubadilisha tanbihi tu: kufuta jina la profesa na kuweka daftari la Bi Karani. Binti akatikisa kichwa.

"Daftari liko wapi?"

"Analo yeye. Au limeliwa na panya."

"Basi siwezi kulitaja. Usinune, Fundi. Kitu ambacho sijakiona siwezi kuandika kama nimekiona. Nikiandika daftari, ukurasa fulani, nitakuwa nimefanya kilekile alichofanya yeye, tofauti ni nia tu."

Fundi akaizungusha sindano vidoleni. Saa mbili kabla alikuwa amejihukumu kwa kosa la jamii hiyohiyo, na sasa anahukumiwa tena na mtoto wa jana. Lakini hakuchukia. Miaka mingi hakuwa amesikia mtu akiongea namna ile ndani ya chumba chenye harufu ya kazi.

"Ila wewe nakuona," binti akaendelea. "Nitakutaja wewe. Masimulizi ya mdomo: nani, kazi gani, wapi, siku gani. Na itabidi niseme ulijuaje, na tangu lini."

Hapo ndipo palipouma. Tangu lini. Angeweza kusema tangu leo, nilipoiona kwenye insha yako. Nani angempinga? Waliokuwapo wengi wamekwenda, na aliyebaki na daftari hawezi kulitoa. Angeweza kupata vyote viwili, jina la mkewe chini ya ukurasa na uso wake mwenyewe ukiwa safi. Akatazama ile presi, usukani wake umeng'aa kwa viganja vyake mwenyewe.

"Tangu kilipotoka kitabu," akasema. "Nilikijalidi mimi. Nilijua nikanyamaza."

Kisha akamwambia la kidole. Hakuwahi kumwambia mtu. Alilisema haraka, kama anayetoa mwiba. Binti hakumpa pole wala hakumlaumu. Akafungua kalamu, akaifunga, akaifungua.

"La kidole niliandike?"

"Hapana. Hilo letu mimi na yeye. Andika nilijua nikanyamaza."

"Watakutoa hapa, Fundi."

"Nimekaa vya kutosha. Wewe je? Wakikuangusha sina cha kukupa, mwanangu. Nitakuwa nimekuponza tu."

Binti akafikiri, akitafuna kifuniko cha kalamu. Akasema ile kumi na saba imetembea naye wiki nzima kama kokoto kwenye kiatu, na kwamba alijua kuna kitu, akachagua kutojua kwa sababu msimamizi alikuwa na haraka. Kisha akauliza jina kamili la marehemu.

Fundi akamwambia aandike Bi Karani. Daftarini alisaini hivyo, ili wasimamizi wa hospitali wasimjue, na wenzake walipomwita ngazini waliita hivyo. Jina mtu alilojichagulia kuandikiwa nalo, hilo ndilo lake.

Binti akaandika palepale, kwenye ukingo wa meza, akifuta na kurudia. Ilipokamilika ikasomeka hivi:

"Hesabu ya siku kumi na tisa ni ya Bi Karani, dobi wa zamu ya asubuhi, aliyehesabu mikokoteni ya mashuka, miwili ikiwa ya kabla ya mgomo. Magazeti ya wakati ule yanasema siku kumi na saba. Hesabu yake imo pia katika kitabu kilichotajwa, ukurasa 112, bila chanzo. Daftari lake sijaliona. Nimesimuliwa na mumewe, Fundi Gundi, mjalidi wa chuo, karakanani kwake, leo. Anasema alijua tangu kitabu kilipotoka, na alinyamaza."

Fundi akaisoma mara mbili. Akarekebisha neno moja: si karakanani kwake, ni karakana ya chuo. Binti akatabasamu, akarekebisha, akakimbia kuchapa upya ukurasa wa thelathini na moja, nakala tatu. Aliporudi, Fundi alikuwa ameufumua uzi mpaka hapo. Wakafanya kazi pamoja, yeye akishona, binti akipepea gundi kwa kipande cha kadibodi, kwa saa moja na nusu ambayo Fundi angependa iwe ndefu zaidi. Meusi mawili, buluu moja. Insha ikafika idarani saa kumi kasoro dakika sita.

Alifaulu, ikiwa unataka kujua. Kwa alama za kuvukia tu, zisizomfikisha alikokuwa akitaka kwenda. Pembeni ya tanbihi ya arobaini na saba msimamizi ameandika kwa wino mwekundu: huyu ni nani? Kutoka idarani hadi karakana ni hatua mia mbili. Hakuja. Fundi naye ameandikiwa barua, mkataba wake hautaongezwa mwisho wa mwaka, na barua haisemi kwa nini. Kaseti hajasema kitu.

Wiki ile baada ya barua, Fundi alivaa shati la pasi akaenda kuwatafuta madobi waliobaki. Kati ya ishirini na wawili wapo watatu. Aliwakuta wawili nyumbani kwa mmoja wao, yule ambaye alichomwa sindano akiwa na mimba, sasa bibi wa wajukuu, vidole vimepinda. Akawaambia kila kitu kwa kusimama, kama mtu aliye mbele ya hakimu, hata la kidole. Wakamsikiliza. Yule wa sindano akamwonesha kiti.

"Tulijua, shemeji," akasema. "Alipotuambia yumo, mimi nilikwenda maktaba nikasoma. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Akalia hapo, mzee mzima. Wakamwacha alie, kisha wakamtania kwamba kidole kifupi kile ni adhabu iliyotangulia kosa. Halafu wakaanza kumkumbuka Bi Karani, jinsi alivyotembea, jinsi alivyokataa kupunguza zile siku mbili, wakakaa mpaka jua likazama wakizungumza kama wako juu ya mafurushi.

Sasa wewe. Kuna jambo unalisema kila siku kama lako, na kuna mtu aliyekupa. Dada wa kazi, mfanyakazi mwenzako aliyekuchorea hesabu nyuma ya bahasha, mama mdogo, mlinzi wa lango, mwanafunzi uliyesoma daftari lake. Unamjua. Amekujia akilini sasa hivi na tayari umeanza kumtafutia udhuru. Ana umri, ana kifua, anakungoja wewe useme. Funga karatasi hii. Usinywe chai kwanza. Nenda kwake leo, kabla macho yake hayajazimika, umuulize anataka aandikwe kwa jina gani, kisha uliandike hapo lilipokosekana, na uandike tangu lini ulijua.